Ngoma Hubanwa kwa Mapaja, Si kwa Mgongo

Mbukwenyi, wanangu. Ninyi mlio kwenye vikundi vya ngoma, hasa wasichana mnaopiga muheme, nisikilizeni kabla hamjasema huyu mama ameanza tena. Shule niliacha darasa la nne, kwa hiyo msitafute hapa maneno ya vitabuni. Nimepiga ngoma tangu sijavunja ungo mpaka mgongo uliponikataa. Huo mgongo ndio nataka kuusema, pamoja na waliouvunja. Majina nitayataja. Wao hawakuona haya, kwa nini nione mimi?

Juzi nilipita uwanja wa shule pale Chang'ombe ya hapa Dodoma nikawakuta baadhi yenu mnafanya mazoezi. Mlikuwa mnapiga vizuri, sitadanganya. Lakini kila wimbo ukiisha, yule mrefu mwenye kitambaa chekundu kichwani alikuwa anashika kiuno kwa mikono miwili, anajinyoosha kwa nyuma, halafu anacheka. Nikamwita. "Mwanangu, kiuno?" Akanijibu, "Shikamoo mama. Aa, kawaida tu, uchovu."

Kawaida. Nilirudi nalo nyumbani hilo neno, likanikera siku nzima. Mimi pia nililisema sana.

Kwa asiyejua, kwetu Ugogo muheme ni ngoma ya wanawake. Wanaume wanaimba, wanaruka na njuga zao, wanashangiliwa. Wapigaji ni sisi. Ngoma haiwekwi chini wala haitundikwi shingoni, inabanwa katikati ya mapaja ili mikono yote miwili iwe huru, na huku unaipiga unacheza nayo, inapanda na kushuka pamoja nawe. Mgeni akitazama anadhani kazi yote ni ya mikono. Mikono ndiyo ya mwisho kuchoka.

Aliyenifundisha ni Shangazi Raheli, dada yake baba, kule Haneti. Mwanamke mfupi, mkali, hasifii mtu. Alikuwa anasimama nyuma yangu ninapopiga, ananibonyeza kwa kiganja hapa chini ya kiuno. Akikuta pamekaza, ananisukuma mpaka napepesuka.

"Umeibeba na nini?"

"Na mapaja, shangazi."

"Mwongo. Mapaja yako yamelala usingizi. Umeibeba na mgongo. Mgongo wa mwanamke una kazi zake tayari, una maji, una kuni, una mtoto. Sasa unauongezea na ngoma?"

Legeza magoti. Peleka makalio nyuma kidogo, kama mtu aliyetaka kukaa kwenye kigoda halafu akaghairi. Bana. Mgongo usipate hata habari kwamba kuna ngoma. Na ngozi ikilegea, ipashe moto wa majani makavu mpaka ilie yenyewe, usiifidie kwa nguvu ya mkono. Wengi wenu nawaona mnapiga ngoma iliyopoa, mnapigana nayo kama mnagombana na wifi, mabega juu, mgongo umepinda. Washeni moto kwanza. Majani hayauzwi.

Kwa mafunzo hayo ya shangazi nilipiga miaka mingi bila kujua mgongo uko upande gani. Nilikuwa kwenye kikundi cha shirika moja la umma hapa mjini. Zamani mashirika yalikuwa na timu ya mpira, kwaya na ngoma, na sisi wa ngoma tulihesabiwa wafanyakazi. Asubuhi unafagia ghala, mchana unafanya mazoezi. Ukiumwa, kuna zahanati ya shirika. Ukizidiwa, unaambiwa pumzika, na ngoma yako anaishika mwenzako mpaka upone. Hatukuona kama ni kitu kikubwa. Tuliona ndivyo dunia ilivyo.

Halafu ikaja ruksa ya biashara huria. Kila kitu ruksa. Shirika likayumba, likafungwa, tukapunguzwa wote, na ghala nililokuwa nafagia likawa la mtu mwingine. Zahanati ikafungwa kufuli. Aliyekuwa afisa utumishi wetu, Zakaria, huyo ndiye wa kwanza katika orodha yangu, akachukua ngoma za shirika akaziweka stoo kwake, akatuita. Akasema sasa kikundi ni chake, tutapiga kwenye baa mpya, kwenye uzinduzi wa maduka, kwenye kampeni za vyama, maana vyama navyo vilikuwa vimeanza kuwa vingi. Tukafurahi. Msitucheke. Ukishatolewa kazini ukaitwa tena na mtu, hata akuitie jehanamu, unauliza tunaanza lini.

Shida ikawa kelele. Baa za siku hizo zilikuwa na maspika makubwa kama makabati, jenereta inanguruma uani, na ngoma zetu ndogo zikawa hazisikiki. Wateja wakalalamika. Mimi nikamwambia Zakaria, "Bosi, si tukodi vipaza sauti viwili vitatu, viwekwe chini mbele yetu?"

"Mama Neema, vipaza sauti ni gharama. Ngoma ikiwa kubwa itajipaza yenyewe."

Akaagiza ngoma mpya kwa fundi mmoja wa Kizota. Ndefu, nene, za mninga, badala ya ule mti mwepesi tuliouzoea. Fundi alipozileta alinitazama mapaja, na mimi nikajitazama. Akamuuliza Zakaria, "Hizi atazibana nani? Tembo?" Watu wakacheka. Zakaria naye akacheka. Halafu akatoa mikanda ya turubai, ile ya mabegi ya jeshi, akasema tuzifunge kiunoni.

Hapo ndipo kosa lilipo, wanangu, liangalieni vizuri. Muheme haina mkanda. Ngoma isiyobanika kwa mapaja si ya kupigwa na mtu anayecheza. Ukiifunga kiunoni, mapaja yanastaafu, mgongo unaajiriwa. Sote tulilijua hilo. Tulifunga mikanda.

Mimi nilikuwa napiga ngoma ya kuongoza, na mwenzangu Yudithi alikuwa na ngoma ya pili. Yudithi tulianza naye tangu shirika, mcheshi, mkono mwepesi, akipiga anatoa ulimi kidogo kama mtoto anayeandika. Ngoma ya kuongoza ndiyo inayofunga wimbo. Nisipotoa mlio wa kufunga, hakuna anayeruhusiwa kuacha, si mpigaji wala mwimbaji.

Tukapelekwa Mtera, kwenye sherehe ya wafanyabiashara wa samaki. Barabara ile ya zamani mnaisikia tu. Tulikuwa nyuma ya lori, tumekalia ngoma zenyewe, kila shimo unalihesabu kwa mgongo. Tulipofika tukashushwa moja kwa moja uwanjani, hata kujinyoosha hatukujinyoosha. Katikati ya wimbo nikainama na ngoma, nikasikia kitu kimeachia hapa kiunoni, kama kamba mbichi inayokatika. Moto ukashuka mguu wa kushoto mpaka kwenye unyayo.

Nikamtazama Zakaria ili anielewe kwamba nafunga. Mgeni rasmi alikuwa ndiyo kwanza ameinuka kucheza, ananesa na koti lake. Zakaria akanipungia mkono, endelea, endelea! Yudithi akanisogelea huku anapiga. "Dada, umekuwa wa kijivu. Funga wimbo."

"Amesema niendelee."

"Atapiga yeye? Funga!"

Sikufunga. Niliongoza mpaka yule mgeni alipochoka mwenyewe, na alikuwa na pumzi, mtu yule. Nilipofunguliwa mkanda nilianguka magotini. Watu wakapiga makofi, wakadhani ni sehemu ya ngoma.

Wa pili katika orodha ni Beno. Huyu alikuwa na duka la dawa Majengo, wakati ule maduka ya dawa yalichipuka kama uyoga. Alivaa koti jeupe, watu wakamwita daktari, naye hakuwasahihisha. Zakaria ndiye aliyenipeleka. Beno hakunivua hata kitenge anitazame mgongo. Alisema, "Lala kifudifudi," akanichoma sindano. Jioni ile nikatembea kama msichana.

"Umeona?" akasema Zakaria. "Hospitali wangekulaza bure."

Tangu hapo, kabla ya kila onyesho nilipitishwa kwa Beno. Ni dawa gani, sijui mpaka leo. Nilimuuliza mara moja akajibu, "Ya mgongo." Wanangu, sindano ile haikuponya kitu. Ilikuwa inauziba mgongo mdomo usiseme, na mimi huku naupakia mzigo uleule. Maumivu yalikuwa kama mtu mwenye busara ananiambia acha, mimi namnyamazisha ili nimsikilize Zakaria.

Mume wangu Daudi simwachi, ingawa ni marehemu na nilimpenda. Nilimwambia nataka kupumzika. Akajikuna kichwa. "Ukipumzika atachukuliwa mwingine. Vumilia mpaka mavuno." Mwaka ule mavuno yenyewe hayakuwapo.

Nikaenda Haneti kwa shangazi. Alikuwa amezeeka, lakini kiganja chake kilikuwa kilekile. Alinibonyeza, akasema, "Wamekufunga kama punda." Akaniitia mama mmoja mchuaji, akanikanda kwa mafuta ya nyonyo ya moto na majivu. Hilo sitalisema vibaya. Nyama zilizokaza zililegea, nikalala usingizi ambao nilikuwa nimeusahau. Kisha akaletwa mwanaume mmoja, yeye anatibu kwa kukanyaga. Unalala chini, anapanda mgongoni na kisigino. Shangazi alinitazama, nikasema hapana. Akasisitiza kwamba amewaponya wengi. Nikamwambia, "Baba, kama ni kukanyagwa, nimeshakanyagwa." Shangazi akacheka, mara yangu ya kwanza kumwona anacheka kwa neno langu.

Huko huko Haneti ndiko nilikopata woga wa kweli. Nilitoka kisimani, nikafika nyumbani, mtoto wa jirani akaja mbio na kandambili mkononi. "Mama, umeangusha." Ilikuwa ya mguu wa kushoto. Nilikuwa nimetembea njia nzima peku mguu mmoja, juu ya miiba na kokoto, na sikujua. Nikauangalia unyayo, unatoka damu, na hauniumi.

Basi kumbukeni hili, kama mtasahau mengine yote. Mgongo kuuma ni jambo moja. Mguu kufa ganzi, mguu kukuburuza, mkojo kukutoka bila wewe kutaka, hilo ni jambo jingine kabisa, na halina mchuaji wala duka la dawa. Hospitali, siku hiyohiyo.

Hospitali ya mjini walinipokea, na uchangiaji wa gharama za matibabu ulikuwa umeshaanza, Daudi akauza mbuzi. Wakanipeleka Dar kupigwa picha ya mgongo. Daktari wa mifupa aliniwekea picha kwenye taa akanionyesha. Kati ya pingili na pingili kuna kitu laini kama godoro dogo. La kwangu limechomoza, limebana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Akasema anaweza kupasua akaliondoa hilo lililochomoza. Akasema pia kwamba kwa kuwa mguu bado una nguvu na mkojo ninaumudu, ninaweza kwanza kujaribu mapumziko na mazoezi, lakini nikizidiwa tu nirudi mbio.

Nilimuuliza swali moja. "Nikipasuliwa, nitapiga ngoma?"

Akaniuliza ngoma ya namna gani. Nikamwonyesha kwa mikono, urefu huu, unene huu, imefungwa hapa kiunoni. Alivua miwani. "Mama, nikikupasua nitakuwa nautafuta mguu wako. Ngoma hiyo siwezi kukuahidi, upasuliwe usipasuliwe."

Nilirudi Dodoma na hayo. Zakaria alikuwa ananisubiri nyumbani, amekaa kwenye kiti cha Daudi, amevaa tai. Kikundi kilikuwa kimepata mwaliko wa Ulaya. Ulaya, wanangu! Enzi hizo mtu akienda Dar alikuwa anasindikizwa.

"Mama Neema, ukapasuliwe. Gharama zote juu yangu. Nimeulizia, ni jambo dogo, ukitoka unapona, tunapanda ndege."

"Nani kakwambia?"

"Beno."

"Daktari wa Dar kasema ngoma ile haniahidi."

"Madaktari wa serikali waoga. Sikiliza, mama. Wale wazungu wameona picha yako wewe, na ile ngoma kubwa. Wanamtaka mama mwenye ngoma kubwa. Ukikataa nitamweka Yudithi, na ukishatoka umetoka."

Daudi alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwangalia anisaidie. Akasema, "Amua mwenyewe, mama Neema. Mimi mara ya kwanza nilikushauri vibaya."

Nilipima. Wengi wanadhani kupima ni kukaa na kufikiri. Mimi nilipima kwa kutembea ndani ya nyumba, naburuza kandambili. Upande huu ndege, jina langu, kazi ya pekee ninayoijua, na kisu kinacholipiwa na mtu anayetaka kunirudishia mkanda kiunoni kabla kidonda hakijakauka. Upande wa pili mguu. Kisu chenyewe sikukiogopa, na wapo watu ninaowajua kiliwaponya. Niliogopa mwenye haraka nacho. Kama ningepasuliwa, ningependa iwe kwa sababu mguu umeomba, si kwa sababu ndege inaondoka.

"Bosi," nikasema, "mweke Yudithi."

Alisimama, akanyoosha tai. "Utajuta."

Nilijuta, ndiyo. Nani hajuti? Waliondoka, mimi nikiwa sakafuni.

Sakafuni ndipo aliponiweka Bi Salma. Huyu ni mama wa Kondoa, mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitali ya mjini, mpole wa sauti na mkatili wa kazi. Mkeka chini, hakuna kitanda cha kamba kinachobonyea. Lala kifudifudi. Jiinue kwa viwiko. Tulia hapo. Shuka. Tena. Asubuhi, mchana, jioni, na katikati tembea, usikae. Nilimwambia, "Bi Salma, mimi nimezoea dawa." Akasema, "Hii ndiyo dawa, ila inanywewa na wewe mwenyewe, sindano haikusaidii."

Inachosha, wanangu. Sindano inakupa jibu jioni hiyohiyo. Mkeka haukujibu. Wiki zinapita, unajiinua na kushuka kama mjusi kwenye ukuta, na mguu uko vilevile. Majirani walichungulia wakasema mama Neema anajifunza kuogelea, na Dodoma hakuna bahari. Siku nyingine nililala tu pale chini, uso kwenye mkeka, nikalia, kisha nikajiinua kwa viwiko, kwa kuwa nilikuwa nipo hapohapo chini.

Halafu asubuhi moja nikiwa uani, kitu kikaniuma kidole cha mguu wa kushoto. Nikapiga kelele Daudi akatoka mbio na fimbo, akidhani nyoka. Ni siafu. Siafu ameniuma, na nimesikia! Nilimzuia Daudi asimkanyage.

Mguu ulirudi, si wote. Kisigino mpaka leo kiko mbali kidogo. Natembea, nalima bustani, nabeba ndoo ya nusu. Shangazi Raheli alipofariki nilirithi ngoma yake ndogo. Nikaibana siku moja chumbani, mlango nimefunga. Mapaja yalikumbuka. Nilipoanza kucheza nayo, mguu wa kushoto ukatetemeka kama wa ndama mchanga. Nikaiweka chini. Sijaibana tena, naipasha moto tu mara mojamoja ngozi isife. Kwa hiyo mkisikia mama Neema aliacha ngoma kwa kuwa alikuwa mvivu au alimwonea wivu Yudithi, hayo ni maneno ya Zakaria. Yeye ana nyumba ya wageni siku hizi, na Beno ana maduka mengine. Hakuna aliyewahi kuja kuniuliza hali.

Yudithi naye hakuja, muda mrefu. Walikwenda Ulaya, wakarudi, wakaenda mikoani, nikawa namsikia kwenye redio. Nilimchukia, bora niseme. Kisha siku moja hodi ikapigwa, nikamkuta amesimama mlangoni, ameegemea fremu, mkono kiunoni.

"Karibu ukae," nikamwambia.

"Siwezi kukaa, dada. Nikikaa siinuki."

Nikamtazama miguu. "Beno?"

"Kila onyesho." Akajaribu kucheka. "Zakaria anasema Dar kuna kupasuliwa, jambo dogo tu."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, nimeyaweka akiba miaka. Kwamba alijua. Kwamba alinisogelea kule Mtera akaniambia nifunge wimbo, halafu akaufunga ule mkanda kiunoni mwake mwenyewe. Nilifungua mdomo, na nikaona anavyoninginia kwenye ile fremu, na ulimi wake umetoka kidogo pembeni.

"Kandambili inakuvuka mguuni bila wewe kujua?" nikamuuliza.

"Inavuka."

Nikachukua kitenge changu, tukatoka. Lifti hatukupata, tukaenda kwa miguu mpaka hospitali, tunasimama kila kwenye kivuli, mimi namshika, yeye ananishika, na watu wakitupisha njia kwa heshima wakidhani tumetoka msibani. Bi Salma alikuwa anafunga chumba chake. Akatugeukia, akatutazama tulivyokumbatiana, wote tumeinama upande.

"Haya, mgonjwa nani hapa?"

Yudithi akaninyooshea kidole, na mimi wakati huohuo nikamnyooshea yeye. Bi Salma akafungua tena mlango, akatandika mikeka miwili.